Marundo Kumi na Moja ya Maharagwe

Siku Uwamwezi alipopelekwa hospitali ya Kamembe kutolewa mtoto wa jicho, mke wa mwanawe alibaki nyumbani, kule mlimani Nzahaha, akiwa na mawazo mengi mazuri. Hatari ilianzia hapo. Mtu mwenye mawazo mabaya huogopa kuonekana, huenda polepole, hutazama nyuma. Mwenye mawazo mazuri hukunja mikono ya blauzi na kuanza kazi saa hiyo hiyo.

Mke huyo aliitwa Nabintu. Alikuwa na miezi saba tu ya ndoa, ametoka Bukavu, ng'ambo ya mto, kwa mama anayeuza ndizi na vitenge. Mlima mzima ulimjua kwa mambo mawili: Kiswahili chake kilikwenda mbio kama maji ya mtaroni, na jembe lake lilikwenda kama mzee mwenye goti bovu. Uwamwezi alimpenda, lakini alimpenda kwa utani. Alisimama pembeni ya shamba, mikono kiunoni, akasema, "Mukazana wangu, hilo shamba umelikosea nini? Unalipapasa kama unaliomba msamaha." Mukazana ndiyo mke wa mtoto, kwa lugha ya huko, na Nabintu alilipenda neno hilo kuliko jina lake mwenyewe. Yaliyobaki walizungumza kwa Kiswahili, maana Uwamwezi aliuza vitunguu soko la Kamembe miaka mingi, na Kinyarwanda cha Nabintu kilikuwa bado kinatambaa.

Daktari alikuwa amesema jicho likishapasuliwa lisipigwe na moshi wala vumbi. Jiko la Uwamwezi lilikuwa na moshi, lilikuwa na vumbi, na mvua ikinyesha lilikuwa na bwawa. Nabintu akaapa kwamba mama mkwe atarudi akute paa jipya na tundu la kutolea moshi. Mabati yangetoka wapi? Akatazama huku, akatazama kule, na macho yake yakatua kwenye chungu kikubwa cha udongo kilichokaa pembeni ya kitanda cha mama mkwe, kimefunikwa kwa jani la mgomba lililokauka.

Ndani yake mlikuwa na maharagwe. Jinsi yalivyokaa, Nabintu aliona haya kwa niaba ya nyumba. Yalikuwa ya kila rangi na kila umbo, makubwa na madogo, yamesongamana katika majivu kama watu wa mpakani siku ya soko. Kwao Bukavu, mwanamke anayeuza maharagwe mchanganyiko ni mvivu, na wateja wanamwambia. Mazuri ni ya rangi moja. Basi akatandika mkeka, akamwaga, akaanza kuchagua. Siku nne alichagua, mgongo ukamlia, na siku ya nne jioni mkeka ulikuwa na marundo kumi na moja yaliyonyooka kama makaburi ya matajiri. Alifurahi hata akayapiga picha, akamtumia mume wake Byiringiro, fundi wa kujenga aliyekuwa na kazi Bugarama wiki nzima na kurudi Jumamosi. Byiringiro, ambaye maharagwe aliyajua yakishaiva tu, alijibu kwa kidole gumba.

Ya manjano aliyapeleka Kamembe kwa mfanyabiashara mmoja, Papa Mudathiru, pamoja na meupe na ya zambarau na mengine yaliyokuwa na sura ya kuuzika. Akarudi na mabati nyuma ya pikipiki ya mtu. Madogo yenye sura mbaya, meusi na ya kijivu, aliwapikia mafundi sita waliopanda kutengeneza paa. Yale makubwa mekundu yenye madoa, mazuri kuliko yote, aliyarudisha chunguni yawe mbegu. Yalikaa humo sawasawa, kama wanafunzi wenye sare siku ya mkaguzi.

Uwamwezi alirudi mwisho wa Agosti, amevaa miwani myeusi ya hospitali kama mpiga gitaa wa Kinshasa. Alishikwa mkono akaingizwa jikoni. Akainua uso, akavuta hewa, akapapasa ukuta uliosafishwa masizi.

"Mumenijengea ikulu," alisema.

Nabintu alivimba kwa furaha mpaka kitenge kikambana.

Kisha Uwamwezi akaomba apelekwe kwenye chungu. Mwezi wa mvua ulikuwa mlangoni, na yeye kila mwaka wakati huo huisalimu mbegu. Akakaa kwenye kigoda, akaondoa jani, akaingiza mkono. Mkono ukazama mpaka kiwiko, ukasimama. Ukatoka na konzi moja ya maharagwe, vidole vikayageuza mojamoja. Akarudisha. Akachota tena kutoka pembeni. Akachota tena kutoka chini kabisa.

"Nabintu," alisema. Hakusema mukazana.

"Ndiyo, Maman."

"Wengine bako wapi?"

"Wengine gani, Maman?"

"Hawa ni ndugu ba tumbo moja. Nauliza wengine."

Hapo Kiswahili cha Bukavu kilitoka mbio, kikajikwaa, kikaanguka. "Nilichagua, Maman. Siku ine nzima. Yalikuwa yamechanganyika, nikaona si vizuri. Ya manjano nilipelekea Papa Mudathiru ku soko, juu ya kupata mabati. Na ile madogo, ile ya sura mbaya... bafundi balikula."

"Balikula."

"Na mafuta ya mawese."

"Balisifu?"

"Balisifu."

Uwamwezi akatikisa kichwa taratibu. "Bon. Bafundi bamekula mama yangu na bibi yangu, na mafuta ya mawese."

Hakupaza sauti. Alirudisha jani juu ya chungu, akalisawazisha, akaenda kulala akiuelekea ukuta. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Nabintu, ambaye hata mtoto alikuwa bado hana, akampata mjukuu jioni ile ile.

Alimpigia Byiringiro simu, akamweleza.

"Mama amekasirika?"

"Hajasema kitu."

"Hajakutukana? Hata kidogo?"

"Hapana."

Byiringiro akavuta pumzi. "Angekutukana ningekuambia ulale. Kesho asubuhi nenda kwa Védastine."

Védastine alikuwa jirani wa chini, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachotangulia mwili wake. Asubuhi Nabintu alimkuta akimwagia nguruwe maganda. Akaeleza yote, na Védastine akacheka mpaka akakaa chini, na alipokaa chini akaacha kucheka.

"Wewe uliona maharagwe," alisema. "Mtoto wangu, ile haikuwa maharagwe. Ile ilikuwa kamati."

"Kamati ya nini?"

"Ya njaa. Kila mmoja na kazi yake. Yule mweusi mdogo, mbaya wa sura kama mume wangu, maji yakilala ku mizizi yeye anaogelea. Wa manjano ni wa jua. Kijivu anawahi kuiva mbele ya wote, anatuokoa mwezi wa njaa. Yule wako mzuri wa madoa anazaa sana, lakini mvua ikimpiga wiki moja anaoza kama bibi-arusi aliyenyeshewa. Unapanda wote pamoja juu haujui ni mwaka wa nani. Kila mwaka mmoja anakufa, mwingine anashika zamu."

Na miaka yenyewe ilikuwa imeharibika. Zamani mvua ya Septemba ilibisha hodi: leo kidogo, kesho kidogo, watu wanapanda. Siku hizi ilikuwa kama shemeji mlevi: haji, haji, halafu akija anavunja mlango. Mwaka juzi ilishuka wiki nzima bila kupumua, ikabeba udongo na mbolea mpaka bondeni. Mwaka jana ilikuja mapema, ikawadanganya watu wakapanda, ikaondoka siku ishirini. Redio ilisema ni hali ya hewa ya dunia nzima inayogeuka, na mlimani walikubali, ila walijiuliza kwa nini dunia nzima imekuja kugeukia kwao.

"Basi unipe ya kwako kidogo, Maman Védastine," alisema Nabintu. "Nirudishe chunguni."

Védastine akajishughulisha na nguruwe. "Mimi? Mimi nilifanya kama wewe. Miaka miwili sasa. Soko lilitaka ya madoa, nami nikapanda ya madoa. Na jirani wa juu pia. Na wa ng'ambo ya kijito. Mlima wote tulichagua, ila sisi hatukuwa na mama mkwe wa kutulalia ukutani. Chungu cha Uwamwezi ndicho kilibaki. Tulijua kwamba tukianguka, tutaenda kuomba kwake."

Hapo Nabintu akaelewa ukubwa wa alichowapikia mafundi sita.

Védastine akamweleza desturi. Mbegu ya namna ile haiuzwi. Inaombwa kwa mkono mtupu, inatolewa kwa konzi, na aliyepewa hasemi asante. Anasema tu, "Nitapanda." Asante ingefunga mambo, nitapanda inayaacha wazi, maana siku na wewe ukiombwa, huruhusiwi kunyima.

"Kama ni hivyo," alisema Nabintu, "lazima kuna muntu mahali fulani bado anazo."

Védastine akafikiri. "Fabien."

Fabien alikuwa mume wake, yule wa sura ya haragwe jeusi. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba na mzee mwenzake, wameinamia ubao wa bao, na kete sitini na nne walizokuwa wakizisambaza mashimoni zilikuwa maharagwe ya zamani, yamesuguliwa na vidole mpaka yanang'aa.

"Papa Fabien, naomba mbegu."

"Subiri." Hakuinua kichwa. "Tangu Pasaka huyu ananifunga. Leo namaliza."

Nabintu akasubiri. Fabien akacheza, akajisifu, akacheza, akamtazama Nabintu kuona kama anatazama, na kwa kutazama huko akahesabu vibaya. Mwenzake akakusanya, akazungusha, akamla nusu ya ubao. Kisha Fabien akazoa kete zote kwa viganja viwili na kuzimimina katika kitenge cha Nabintu.

"Chukua. Yamenisaliti."

Nabintu akasema, "Nitapanda," na mzee mwenzake akaenda kutafuta kokoto.

Nyumbani alifungua simu, akatafuta ile picha ya marundo kumi na moja. Sasa picha ile ya fahari ilikuwa kama picha ya watu waliopotea. Akalinganisha. Kati ya kete za Fabien alipata aina sita. Akachukua kumi, akazikunja katika kitambaa chenye maji, akaziweka mahali penye joto. Baada ya siku tatu, nne zilikuwa zimeota, sita zilikuwa zimelala usingizi wa kweli. Na hata zingeota zote, konzi mbili hazijazi shamba.

Siku zote hizo Uwamwezi alikula kidogo, akajibu kwa neno moja, akarudi kitandani. Nabintu alimtia dawa machoni asubuhi na jioni, tone moja, tone la pili, akimshika kidevu, na hakuna mtu anayeweza kuvumilia kumshika kidevu mtu asiyesema naye. Siku ya nne akatia simu mfukoni, akapanda gari la Kamembe.

Papa Mudathiru alikuwa mbele ya duka lake sokoni, kofia kichwani, anakunywa chai ya tangawizi. Nyuma yake wanawake watano walikaa juu ya magunia, ungo mapajani, wakichagua maharagwe kwa rangi.

"Dada wa Nzahaha. Umeniletea mengine ya manjano?"

"Nimekuja kuyafuata yale ya kwanza, Papa Mudathiru."

"Yale?" Mudathiru akaweka kikombe chini. "Yale yalivuka mpaka siku ile ile. Yameliwa Bukavu, na walioyala wamekwisha kusahau. Kuna nini? Yalikuwa na dhahabu?"

Nabintu akaeleza. Hakuficha kitu, alisema mpaka na mafuta ya mawese. Wanawake wa ungo wakapunguza mikono ili wasikie vizuri. Mmoja akasema, "Uwii, mama mkwe wangu mimi angenirudisha kwetu kwa miguu." Mwingine akamwambia, "Wewe atakurudisha hata bila maharagwe."

Mudathiru hakucheka. Alijikuna ndevu, kisha akamwongoza nyuma ya duka. Palikuwa na gunia limesimama peke yake, limefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Unajua hii ni nini? Makapi. Gunia likitoka Bugarama, likitoka Ruhwa, likitoka vijiji vya kule Bushi, ng'ambo kwenu, bamama hawa wanatoa ya rangi moja. Yanayobaki, moja moja, yasiyo na wenzake, wanatupa humu. Wenye mikahawa wanayachemsha mpaka yasahau rangi. Tangu Juni linajaa."

Nabintu akalifungua. Akatia mkono. Hakuwa na vidole vya Uwamwezi, lakini hata vidole vyake vya Bukavu vilijua kwamba humo ndani hakuna ndugu wa tumbo moja.

"Ni pesa ngapi, Papa?"

"Si umesema mwenyewe mbegu haiuzwi? Unataka nimkute Mola na dhambi ya Nzahaha nzima?" Akamwekea kigoda. "Chagua. Ila kaa na wenzako, usinizibie mlango."

Nabintu akakaa katikati ya wanawake wale, simu yenye picha imeegemezwa kwenye gunia, akaanza kazi ile ile iliyomponza, safari hii kinyumenyume. Mazima huku, yaliyotobolewa na wadudu kule. Wanawake wakaanza kuinama juu ya picha. "Huyu mweusi namjua, ni wa kwetu Ruhwa, shika." "Huyu wa waridi anatoka Bugarama." Wakawa wanamrushia kutoka mapajani mwao. Ikawa mchezo. Mama mmoja mzee alimrushia haragwe la kahawia lenye mstari mweupe, na Nabintu akaligeuza mkononi muda mrefu. Halikuwa kwenye picha. Lakini mama yake alikuwa akilipika siku za Jumapili, na hakuwa ameliona tangu aolewe.

Yasiyokuwa kwenye picha aliyafunga mbali, katika pembe ya kitambaa chake cha kichwa, ili yasimharibie hesabu ya kumi na moja.

Alfajiri ya kesho yake alitandika mkeka mbele ya kitanda cha mama mkwe. "Maman, naomba mkono wako."

Uwamwezi akageuka. Miwani myeusi ilimtazama Nabintu, au ilitazama juu ya kichwa chake. Kwa miwani ile huwezi kujua. Akateremsha mkono. Nabintu akaweka rundo la kwanza chini ya vidole.

"Huyu namjua," alisema Uwamwezi.

Rundo la pili. "Huyu namjua." La tatu. "Huyu ndiye, ila amenenepa. Ulimtoa wapi?"

"Ruhwa, Maman. Ku makapi ya Papa Mudathiru."

"Hm." Vidole vikaendelea. Mahali fulani vilitulia, na sauti ikashuka. "Huyu aling'aa hivi lini?"

"Alikuwa anacheza bao na Papa Fabien."

Kitu kikatingishika katika mabega ya Uwamwezi. Kilikuwa kicheko, au kilikuwa kinatafuta kuwa kicheko. Walipomaliza, alihesabu kwa vidole. Kumi. "Kijivu?"

"Kijivu nilimkosa, Maman. Nilitafuta gunia lote mpaka chini. Nilimkosa."

Uwamwezi akaitikia kwa kichwa. Kijivu alikuwa amekwenda, na hakuna aliyejaribu kusema kwamba si kitu.

"Na hicho kifundo cha kichwani?"

"Hivyo si vya kwetu. Bamama ba ku soko walikuwa wananirushia tu. Nitavipika."

"Umepika ya kutosha. Lete."

Nabintu akafungua kitambaa. Uwamwezi akayapitisha kati ya vidole, mara moja, mara mbili, kwa adabu, kama mtu anayesalimia wageni asiowajua majina. "Hawa siwajui," alisema. "Hata mmoja."

"Ndiyo, Maman. Ndiyo sababu nilivifunga mbali."

"Na hii mvua ya sasa, mimi naijua?"

Nabintu akageuza macho mlangoni, kutazama anga.

"Mama yangu alinipa mbegu za mvua yake. Mvua yake imekwenda naye. Hii inayokuja ni mgeni. Pengine mgeni atasikilizana na wageni." Akainamisha kitambaa, yakamwagika juu ya mkeka, akaanza kuchanganya marundo yote kwa mikono miwili, polepole, kama anayekanda unga. "Nililala siku tano, sikulilia maharagwe. Nilikuwa najiuliza: juu ya nini huyu mtoto hakuniuliza? Halafu nikaona, mimi sikumwambia. Miezi saba nacheka jembe lake, sijamfunulia chungu hata siku moja. Ningekufa hospitalini, mungekula yote, na kosa lingekuwa langu. Sogea, mukazana. Tia mikono na wewe."

Nabintu akatia mikono. Ilikuwa vigumu kuchanganya vizuri, kwa sababu alikuwa analia na vumbi la majivu lilikuwa linashika machozi. Uwamwezi alimwambia asilie juu ya mbegu, zitaota kabla ya wakati.

Walipanda Oktoba, mvua ilipojitokeza. Uwamwezi aliamua wapande nusu tu. Nusu nyingine ibaki chunguni, kwa sababu mlevi haaminiwi kwa hodi yake ya kwanza. Walichimba mitaro ya kukata mlima, wakafunika udongo kwa majani ya migomba, na katika kila shimo Nabintu alitia mbegu tatu za sura tatu. Védastine, shambani kwake, alipanda ya madoa. Hakuwa na mengine, na kuomba kwa nyumba iliyojaa msiba wa maharagwe aliona aibu.

Siku ya kumi na sita mvua ilivunja mlango. Ilinyesha siku tatu, ikalala mlimani kama imelipia chumba. Siku ya nne jua lilipotoka, wanawake walitoka mmoja mmoja kwenda kutazama.

Shamba la Védastine lilikuwa limelala chini lote, manjano na laini, lina harufu ya kabichi iliyosahauliwa. La juu yake vilevile. La ng'ambo ya kijito halikuwepo kabisa. Nabintu alishuka katika mistari yake akiwa ameshika kitenge kifuani. Shimo la kwanza: miche miwili imeoza, mmoja umesimama. La pili: mmoja umesimama. La tatu: hakuna. La nne: mmoja, umeinama, lakini shina gumu. Alikwenda mpaka chini, ambako maji yalituama, na huko tope lilikuwa limekula karibu kila kitu isipokuwa yule mweusi, na pembeni yake, majani mapana yasiyo na wasiwasi, miche ambayo hakuitambua. Akafukua kidogo na kidole. Ganda la mbegu lilikuwa bado limeshikilia shina: kahawia, mstari mweupe. Akaupiga picha mche ule, akamtumia mama yake Bukavu bila maneno.

Haikuwa shamba zima. Ilikuwa kama nusu. Lakini ile nusu ilikuwa imesimama.

Alipopanda kurudi nyumbani aliwakuta uani, Védastine mbele, na nyuma yake wanawake saba wa mlima, miguu imejaa matope mpaka magoti. Hakuna aliyekuwa anacheka. Kupanda tena kuliwezekana bado, wiki moja, wiki mbili, kwa mwenye mbegu. Védastine alinyoosha mkono mtupu.

Nabintu akamtazama mama mkwe, aliyekaa mlangoni. Miwani alikuwa amekwisha kuivua. Jicho jipya lilikuwa linaona mpaka Burundi, kama alivyojisifu.

"Usiniangalie mimi," alisema Uwamwezi. "Mwenye chungu ni wewe."

Nabintu alijua hesabu yake. Ile nusu iliyobaki chunguni ilikuwa ya kuziba mapengo ya shamba lao. Akiitoa, mapengo yatabaki mapengo, na mvua ikirudi na ubaya wake, watakuwa hawana pa kushika. Asipoitoa, atakuwa na chungu kilichojaa katikati ya mlima mtupu, na mwakani kitabaki tena chungu kimoja, ambacho mtu mmoja mwenye mawazo mazuri anaweza kukimaliza kwa siku nne. Yeye, kuliko wote, alijua jinsi ilivyo rahisi.

Akaingia ndani, akakitoa chungu, akakiweka katikati ya ua.

"Nitawapa," alisema. "Lakini hakuna kuchagua rangi. Unachota bila kutazama. Na mukivuna, kila muntu anatunza chungu chake, hata cha sura mbaya, na mwezi wa nane tunakutana hapa, tunaonyeshana, tunabadilishana. Akipoteza mmoja, wenzake banazo. Na anayeona mbegu asiyoijua, sokoni, kwa shangazi, Bukavu, popote, anaileta. Asiipike."

"Asiipike," Védastine alirudia kwa uso mkavu kabisa, na hapo ndipo uani palipopata kicheko.

Walichota mmoja mmoja. "Nitapanda." "Nitapanda." Mikono ilikuwa minane na konzi za watu wa mlimani si ndogo. Nabintu alitaka kusema punguza kidogo, akajiuma ulimi. Chungu kilipofikia majivu, alikipindua mwenyewe, akakikung'uta, akakipeleka kukianika juani. Jioni mama yake alikuwa amejibu ile picha kwa ujumbe mfupi wa kumuuliza aliipata wapi ile mbegu, na kama anaweza kumletea konzi moja.

Byiringiro alirudi Jumamosi na njaa ya fundi. Alikuta mke wake na mama yake wamekaa bega kwa bega mlangoni pa jiko, wanasuka kamba za migomba za kufungia maharagwe kwenye fito, na wanabishana kuhusu nani kamba yake ni legelege. Alipakuliwa viazi vitamu. Akavitazama, akainua kifuniko cha sufuria ya pili, akakuta maji.

"Na maharagwe yako wapi?"

"Yako kazini," alisema mama yake. "Kula viazi."